Dawa za chaguo la kwanza kwa magonjwa ya kawaida: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaojiandaa na mtihani wa kuandika dawa

Majibu haya yameandikwa kwa wanafunzi wa udaktari, utabibu, uuguzi na ufamasia walio karibu na mtihani. Yanaegemea zaidi miongozo ya Shirika la Afya Duniani (WHO), na pale miongozo inapotofautiana nimesema. Hayakuandikwa ili mgonjwa ajitibu nyumbani.

Dawa ya "chaguo la kwanza" ni ipi hasa?

Ni dawa ambayo mwongozo unakutaka uianze kabla ya nyingine zote kwa mgonjwa wa kawaida mwenye ugonjwa huo. Hupimwa kwa ushahidi kwamba inaponya au inazuia madhara, kwa usalama wake, kwa bei na kwa upatikanaji. Si lazima iwe ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Meropenemu inaua bakteria wa aina nyingi kuliko amoksilini, lakini hakuna anayeianza kwa nimonia ya kawaida iliyompata mtu nyumbani.

Wanafunzi wengi hukariri jozi: ugonjwa huu, dawa hii. Jozi hizo zitakupa alama chache za mwanzo tu. Maswali yenye alama nyingi humleta mgonjwa ambaye dawa ya kwanza haimfai: ana mimba, figo zimechoka, ana mzio, au tayari anatumia dawa nyingine inayogombana nayo. Kwa hiyo kila dawa ya kwanza unayojifunza, jifunze papo hapo na mgonjwa asiyestahili kuipewa. Hilo ndilo nitakalolirudia katika karibu kila jibu hapa chini, na silirudii kwa bahati mbaya.

Kwa shinikizo la damu, nianze na ipi?

Mwongozo wa WHO wa 2021 unataja makundi matatu yenye hadhi sawa ya kuanzia: dawa za kukojosha za jamii ya thiazidi, vizuizi vya ACE, kimeng'enya kinachopandisha shinikizo (kama enalaprili) au ndugu zao wa kundi la losartani, na vizuizi vya kalsiamu vya kudumu muda mrefu kama amlodipini. Kwa wagonjwa wengi unahimiza kuanza na dawa mbili za makundi tofauti, ikiwezekana ndani ya kidonge kimoja, kwa sababu dawa moja mara nyingi haitoshi na mgonjwa hurudi miezi kadhaa akiwa pale pale.

Mwongozo wa Uingereza hugawa kwa umri na asili. Aliye chini ya miaka 55 huanza na kizuizi cha ACE au losartani. Mwenye 55 na zaidi, au mtu wa umri wowote mwenye asili ya Afrika au Karibiani, huanza na amlodipini. Mwenye kisukari cha aina ya 2 huanza na kundi la ACE au losartani bila kujali umri. Kabla ya kujibu, soma swali linafuata mwongozo gani.

Sasa "isipokuwa" zake. Mwenye mimba hapewi kizuizi cha ACE wala losartani, kwa kuwa huharibu figo za mtoto aliye tumboni. Yeye hupewa labetaloli, nifedipini ya kudumu au methildopa. Kikohozi kikavu kisichoisha baada ya kuanza enalaprili kinatokana na kurundikana kwa bradikinini, kemikali ya mwili wenyewe, na jibu ni kuhamia losartani, si kuandika dawa ya kikohozi. Midomo na ulimi vikivimba, enalaprili isimamishwe na isirudishwe maisha yote. Usichanganye kizuizi cha ACE na losartani kwa mgonjwa mmoja. Thiazidi hupandisha asidi ya yuriki, kwa hiyo mwenye jongo atafutiwe nyingine. Pia hushusha sodiamu, hasa kwa wazee. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu, na hapa mtego unaopendwa na watunga mitihani ni kukushawishi uongeze furosemidi, dawa ya kukojosha. Uvimbe huo hautokani na maji kuzidi mwilini, hivyo furosemidi haitausaidia. Punguza dozi au badilisha dawa.

Jambo la mwisho ambalo wengi husahau: ukianza kizuizi cha ACE, pima kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) na potasiamu kabla, kisha tena baada ya wiki 1 hadi 2. Kreatinini ikipanda kwa chini ya asilimia 30, endelea na dawa.

Mbona salbutamoli peke yake si chaguo la kwanza tena kwa pumu?

Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu (GINA) umeacha kupendekeza salbutamoli pekee kwa watu wazima na vijana. Salbutamoli hulegeza misuli ya njia ya hewa, mgonjwa anapata nafuu ndani ya dakika chache, lakini uvimbe wa ndani unaendelea kama haujaguswa. Mgonjwa huiamini dawa inayompa nafuu, anaongeza kuvuta, na siku moja shambulio kubwa linamkuta hana kinga yoyote. Chaguo la sasa ni dawa ya kuvuta yenye steroidi ya dozi ndogo pamoja na formoteroli, inayotumika kila dalili zinapojitokeza na, kwa pumu nzito zaidi, kila siku pia.

Kwa nini formoteroli na si salmeteroli? Zote hudumu muda mrefu, ila formoteroli huanza kufanya kazi ndani ya dakika chache na salmeteroli huchelewa. Swali hili hujirudia sana.

Hayo yote hayaigusi pumu iliyobana ghafla. Mgonjwa anayeshindwa kumaliza sentensi anahitaji oksijeni, salbutamoli ya kurudiarudia, ipratropiamu na steroidi mapema. Asipopata nafuu, magnesiamu salfeti ya mshipani. Na mwenye pumu akiletwa na dawa za moyo kama propranololi kwenye orodha yake, hapo ndipo penye kosa la kulitaja.

Metformini bado ni ya kwanza kwa kisukari cha aina ya 2?

Kwa wengi, ndiyo. Huanza na miligramu 500 pamoja na chakula, hupandishwa polepole kwa sababu huvuruga tumbo, na yenyewe haishushi sukari kupita kiasi. Kiwango cha uchujaji wa figo kikiwa chini ya mililita 30 kwa dakika, haitolewi. Kikiwa chini ya 45, dozi inapitiwa upya. Mgonjwa anayetapika na kuharisha sana aisimamishe hadi apone, kwa hofu ya asidi ya laktiki kurundikana. Akiitumia miaka mingi, kumbuka vitamini B12.

Kilichobadilika ni wagonjwa wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri, ugonjwa wa mishipa ya moyo au ugonjwa sugu wa figo. Hao hupewa mapema dawa za kundi la dapagliflozini na empagliflozini, kwa sababu hulinda moyo na figo hata bila kuhesabu sukari wanayoshusha. Maudhi ya kukumbuka ni fangasi sehemu za siri, na hali ya hatari ya ketoni kujaa mwilini ilhali sukari haijapanda sana.

Kisukari cha aina ya 1 kina jibu moja: insulini. Swali likikuletea kijana aliyekonda ghafla, anayekojoa sana na mwenye ketoni, usiguse metformini. Katika dharura hiyo kinachotangulia ni maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kisha insulini ya uniti 0.1 kwa kilo kwa saa, huku ukiangalia potasiamu, maana insulini huisukuma ndani ya seli na ikishuka sana moyo hukosa mpigo.

Antibiotiki ni nyingi mno. Nikumbuke vipi?

Anza na mgawanyo wa WHO wa 2017, unaojulikana kama AWaRe. Kuna kundi la kutumika kwanza (amoksilini, doksisaiklini, nitrofurantoini, benzathini penisilini na nyinginezo), kundi la kutumika kwa uangalifu (kama siprofloksasini, azithromaisini, seftriaksoni) na kundi la akiba kwa vijidudu sugu. Ukiona majibu manne na matatu kati yake yako kwenye kundi la uangalifu au la akiba, la nne litazame kwa makini.

Nimonia isiyo kali iliyompata mtu nje ya hospitali: amoksilini. Mtoto mwenye nimonia ya kutibiwa nyumbani: amoksilini ya vidonge vya kuyeyuka, mara mbili kwa siku. Homa ya uti wa mgongo ya bakteria kwa mtu mzima: seftriaksoni bila kusubiri majibu ya maabara, na deksamethasoni pamoja na dozi ya kwanza au kabla yake kidogo. Kaswende ya awali: benzathini penisilini uniti milioni 2.4 kwenye msuli, mara moja. Klamidia: doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 7, lakini mjamzito apewe azithromaisini. Kisonono: seftriaksoni, kwa kuwa kimeshazoea dawa nyingi za zamani.

Mafua, koo linalowasha pamoja na kikohozi na makamasi, na kuharisha maji kwa mtoto asiye na damu kwenye choo havihitaji antibiotiki. Mtoto anayeharisha anahitaji ORS (maji ya chumvi na sukari ya kunywa) na zinki kwa siku 10 hadi 14. ORS ya sasa ina milimoli 75 za sodiamu na 75 za glukosi kwa lita, na ulinganifu huo una sababu: ukuta wa utumbo huvuta sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji hufuata. Ndiyo maana mtoto anafaidika nayo hata kama kuharisha bado hakujakoma.

Mgonjwa amesema ana mzio wa penisilini. Basi nifute kundi zima?

Uliza kwanza kilitokea nini. Kichefuchefu na kuharisha si mzio. Vipele vilivyotokea siku kadhaa baada ya kuanza dawa, miaka mingi iliyopita, ni tofauti na mtu aliyevimba uso, akabanwa pumzi na kuzimia ndani ya saa moja. Wengi walioandikiwa "mzio wa penisilini" kwenye faili wakipimwa hukutwa hawana.

Katika mtihani, lakini, mzio ulioandikwa kwenye kadi ni wa kweli mpaka swali liseme vinginevyo. Unachopaswa kukijua ni majina yanayojificha: amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti ni penisilini, na piperasilini yenye tazobaktamu ni penisilini. Seftriaksoni ina uwezekano mdogo wa kugongana na mzio huo. Sefaleksini ina mkia wa kikemikali unaofanana na wa ampisilini, kwa hiyo iogope zaidi. Na mjamzito mwenye kaswende na mzio wa penisilini hupewa penisilini hiyo hiyo baada ya kuzoeshwa polepole hospitalini, kwa kuwa hakuna dawa nyingine inayoaminika kumtibu mtoto aliye tumboni.

Nionyesheni swali moja namna linavyogeuka.

Mwanamke wa miaka 28 anasikia maumivu akikojoa, anakwenda haja ndogo kila mara, hana homa wala maumivu ya kiuno. Hana mimba, figo nzima. Jibu: nitrofurantoini kwa siku chache, 3 au 5 kulingana na mwongozo wako.

Mgeuze awe na mimba ya wiki 38. Nitrofurantoini inaondoka, kwa kuwa karibu na kujifungua inaweza kupasua chembe nyekundu za damu za mtoto. Sefaleksini inaingia, na mkojo unapelekwa maabara kuoteshwa.

Mimba iwe ya wiki 8. Sasa anayetoka kwanza ni trimethoprimu, mpinzani wa folati, wakati mfumo wa neva wa mtoto ndio unajengwa.

Mpe sasa umri wa miaka 74, bila mimba, uchujaji wa figo 28. Nitrofurantoini haitafika kwenye mkojo kwa kiasi cha kutosha na itamrundikia sumu ya neva. Mpe methotreksati ya baridi yabisi, na trimethoprimu inakuwa hatari kwa uboho wake. Mwishowe mpe homa ya nyuzi 39 na maumivu ya kiuno: maambukizi yameshapanda kwenye figo, na nitrofurantoini haifai hata kwa mwenye figo nzima, maana haijai vya kutosha ndani ya nyama ya figo.

Dalili za mwanzo ni zile zile, majibu zaidi ya manne. Fanya zoezi hili mwenyewe kwa kila ugonjwa ulio kwenye silabasi yako.

Hesabu ya artesuneti kwa malaria kali hunichanganya. Nimekosea wapi?

Pengine hujakosea. Mtu mzima, na mtoto wa kilo 20 na kuendelea, hupewa miligramu 2.4 kwa kilo. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo, kwa sababu watoto wadogo huiondoa dawa haraka. Basi mtoto wa kilo 18 anapata miligramu 54, na wa kilo 20 anapata 48. Mdogo anapata zaidi ya mkubwa, na mwanafunzi akiona hivyo hufuta jibu sahihi. Liache.

Dozi hutolewa saa 0, saa 12 na saa 24, kisha kila siku hadi mgonjwa aweze kumeza, na lazima amalizie kwa dawa mseto kamili ya siku 3. Malaria isiyo kali inaanza moja kwa moja na dawa mseto, kwa mfano artemetha na lumefantrini, dozi 6, zikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta ili lumefantrini ifyonzwe. Tangu 2022 WHO inaikubali dawa hiyo hata katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba.

Kifua kikuu na VVU vikikutana?

Kifua kikuu cha kawaida: miezi 2 ya rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha miezi 4 ya rifampisini na isoniazidi. VVU: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Vikikutana, rifampisini inaamsha vimeng'enya vya ini na dolutegraviri inamalizwa upesi, kwa hiyo dolutegraviri hutolewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Rifampisini hiyo hiyo hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na warfarini. Mkojo wa rangi ya chungwa si tatizo. Ganzi ya miguu ni isoniazidi, na kinga yake ni piridoksini (vitamini B6). Kutotofautisha nyekundu na kijani ni ethambutoli, na hiyo husimamishwa.

Kuna dharura zipi ambazo sina ruhusa ya kusitasita?

Mzio mkali wa ghafla unatangulia zote. Adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje, miligramu 0.5 kwa mtu mzima. Chupa ya 1 kwa 1,000 ina miligramu 1 kwa mililita, hivyo unavuta mililita 0.5, na unarudia baada ya dakika 5 kama hali haijabadilika. Dawa za mzio na haidrokotisoni si mbadala wake, na kuzitanguliza kumegharimu uhai wa watu. Chupa ya 1 kwa 10,000 ni ya moyo uliosimama, kwa mshipa. Ukichanganya hizo mbili umekosea mara kumi.

Kifafa cha mimba ni magnesiamu salfeti, si diazepamu. Gramu 4 polepole kwenye mshipa, kisha gramu 1 kwa saa kwa saa 24. Utafiti wa Magpie wa 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu kwa wenye shinikizo la mimba. Wakati dawa inaendelea, gonga goti, hesabu pumzi, pima mkojo. Goti likiacha kuruka, simamisha. Pumzi zikipungua, kalsiamu glukoneti gramu 1.

Degedege lisilokatika kwa sababu nyingine linaanza na benzodiazepini, lorazepamu au diazepamu. Kabla ya hapo au sambamba, pima sukari. Damu nyingi baada ya kujifungua: oksitosini, na asidi ya traneksamiki gramu 1 ndani ya saa 3.

Valproeti bado inaruhusiwa kwa kifafa?

Kwa mwanaume mwenye kifafa cha mwili mzima bado inaandikwa, ingawa nchi kadhaa zimeongeza tahadhari hata kwao. Kwa msichana au mwanamke anayeweza kupata mimba, iepuke: huharibu umbo la mtoto na akili yake. Levetirasetamu au lamotrijini huchukua nafasi. Lamotrijini hupandishwa polepole sana kwa hofu ya vipele vya kutisha vinavyochubua ngozi, na ikiwa pamoja na valproeti dozi yake hupunguzwa nusu. Karbamazepini inaweza kuzidisha kifafa cha kupotewa na fahamu kwa sekunde, kwa hiyo mtoto anayekodoa macho darasani asipewe.

Na maumivu?

Parasetamoli, isiyozidi gramu 4 kwa siku, na pungufu kwa mtu mzima mwenye uzito mdogo. Ibuprofeni ikiongezwa kwa mgonjwa anayetumia enalaprili na dawa ya kukojosha, figo zake zinaweza kufa ghafla. Aspirini haipewi mtoto mwenye homa ya virusi. Kodeini haipewi mtoto wa chini ya miaka 12. Ukiandika mofini ya kila siku, andika na dawa ya kulainisha choo kwenye cheti hicho hicho, wasahihishaji huitafuta.

Magonjwa mengine kwa haraka?

Sonona ya wastani au kali: sertralini kwa mtu mzima, fluoksetini kwa kijana, na mwambie nafuu huchukua wiki 2 hadi 4. Tezi ya shingo iliyolegea: levothairoksini tumbo likiwa tupu, mbali na madini ya chuma na kalsiamu, mzee mwenye moyo mgonjwa aanze na mikrogramu 25. Jongo lililowaka: kolikisini, ibuprofeni au predinisoloni, alopurinoli isichanganywe na azathioprini bila kupunguza dozi. Sumu ya parasetamoli: asetilisisteini. Opioidi iliyozidi: naloksoni. Sumu ya viuatilifu vya shamba vya jamii ya oganofosfeti: atropini.

Nimejua dawa lakini napoteza alama kwenye uandishi. Kwa nini?

Kwa sababu cheti kisichosomeka vizuri kinaua. Andika jina la dawa lenyewe, si la kampuni. Andika "uniti" na "mikrogramu" kwa urefu. Weka sifuri kabla ya nukta, 0.5, na usiweke baada yake: 5.0 husomwa 50. Taja njia, mara ngapi, kwa siku ngapi. Methotreksati ni mara moja kwa wiki, na siku yenyewe itajwe, Jumatatu au nyingine. Dawa ya "inapohitajika" iwe na sababu na kikomo cha dozi kwa saa 24.

Mwongozo wa nchi yangu unapingana na WHO. Nijibu upi?

Wa nchi yako, kwa kuwa usugu wa vijidudu hutofautiana na mtihani umetungwa kwa mwongozo huo. Angalia mwaka wa toleo lake kabla hujaanza kusoma, na kama chuo kinaruhusu kitabu cha dawa ndani ya chumba, fanya mazoezi ya kukifungua: ukurasa wa figo, wa mimba na wa mwingiliano wa dawa uwe unaufikia bila kupapasa.